Fahamu: Je, mwanamke akiomba cheo au nyongeza ya mshahara hupewa?

Ushauri kwa wanawake wanaotaka uongozi kazini kwa kawaida ni uleule: jiamini, jitokeze, omba. Ulipata nguvu mwaka 2013, pale Sheryl Sandberg, wakati huo kigogo wa Facebook, alipotoa kitabu chake Lean In.

Shida ni kwamba wanawake wengi huomba. Utafiti uliofanywa Australia kwa wafanyakazi wapatao 4,600, ukatangazwa mwaka 2016, ulibaini kuwa wanawake wenye kazi zinazolingana na za wanaume huomba nyongeza ya mshahara kama wao. Tofauti ilikuwa kwenye majibu: wanaume walikubaliwa mara 20 katika kila 100, wanawake 15.

Kikwazo kingine ni kazi ndogondogo za ofisini. Kikao kinaanza, bosi anauliza nani ataandika muhtasari. Kimya. Kila mtu anainamia simu yake, hadi dada mmoja anasema, "Haya, nipeni mimi." Mwaka 2017 Linda Babcock na wenzake, Marekani, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa wanawake hujitolea zaidi kwa kazi za aina hii zisizompandisha mtu cheo, na huombwa zaidi, hata na wanawake wenzao. La kuchekesha, wanaume wakiwa peke yao walijitolea vizuri tu!

Kwa hiyo kumwambia mwanamke ajiamini hakutoshi. Meneja, weka zamu ya kuandika muhtasari, na vigezo vya kupandishwa cheo vibandike ukutani kila mtu avisome.