Shukrani za Wazazi wa Watoto Njiti

Wazazi wa watoto njiti wanaporudi kliniki na watoto wao wakiwa wamenenepa, aghalabu hawatoi shukrani kwa dawa fulani wala kwa mashine. Hushukuru kwa mambo yanayoonekana kuwa madogo: muuguzi wa zamu ya usiku aliyewaeleza kengele ya mashine ina maana gani, daktari aliyeketi kwanza ndipo akatoa habari, mhudumu aliyemwonesha baba namna ya kumshika mtoto bila kuogopa. Ni rahisi kuyapokea maneno hayo kama adabu tu. Hata hivyo, yanastahili kusikilizwa kwa makini, kwa kuwa yanaeleza sehemu ya tiba ambayo mara nyingi haiandikwi katika faili.

Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa hivyo mwaka 2020. Mtoto huyu ana ngozi nyembamba na mafuta haba, hivyo hupoteza joto upesi. Mapafu yake huenda hayajakomaa, na nguvu ya kunyonya bado ni ndogo. Kwa miaka mingi jibu la hospitali lilikuwa kumlaza ndani ya inkubeta, huku mama yake akibaki wodi nyingine na kuruhusiwa kuingia kwa saa chache.

Tuchukue mfano wa mama aliyejifungua kwa upasuaji katika wiki ya 31, mtoto akiwa na gramu 1,300. Usiku wa kwanza anasikia watoto wa wenzake wakilia, wa kwake hayupo. Anataka kuuliza kama yu hai, lakini anaona wauguzi wamezidiwa na kazi. Tena analiogopa jibu lenyewe. Mtoto hajapewa jina, na kwenye kadi ameandikwa tu kuwa ni mtoto wa fulani. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nao hauishi kwa kuambiwa avumilie. Muuguzi akimjia na kumwambia, "Mama, mwanao anapumua, twende ukamguse," amemwondolea hofu. Je, amemtibu pia mtoto?

Jibu lilianza kuonekana mwaka 1978 mjini Bogotá, Kolombia. Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na inkubeta chache na watoto wengi, ambao walilazimika kulazwa pamoja na kuambukizana. Akaamua wabebwe kifuani na mama zao, ngozi kwa ngozi, na kunyonyeshwa maziwa ya mama. Njia hiyo ikaitwa huduma ya kangaroo. Hata hivyo, kwa muda mrefu ilisubiriwa mpaka hali ya mtoto itengemae, ilhali wengi hufariki kabla ya kufikia hapo.

Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Ulihusisha watoto wenye uzito wa kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8. Kundi moja lilianza kubebwa mara baada ya kuzaliwa, na vitanda vya mama vikawekwa ndani ya wodi ya watoto wachanga mahututi. Kundi la pili lilisubiri kama ilivyokuwa desturi. Katika siku 28 za kwanza, vifo vilikuwa asilimia 12.0 katika kundi la kwanza na 15.7 katika la pili. Utafiti ukasitishwa kabla ya wakati, kwa kuwa faida ilikuwa dhahiri. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza huduma hiyo ianze mapema iwezekanavyo.

Hivyo, mama anaposhukuru kwamba hakutenganishwa na mwanawe, anataja jambo lililosaidia kumwokoa. Huruma ya namna hii haitegemei moyo mwema wa muuguzi mmoja pekee. Inahitaji kitanda, khanga ya kumfungia mtoto kifuani, chakula na choo cha mama karibu, na zamu yenye wauguzi wa kutosha. Wazazi nao wajue kuwa wana haki ya kuuliza habari za mtoto wao na ni lini wataweza kumbeba. Baba pia anaweza kumbeba mama anapopumzika.

Wapo wazazi wengine ambao shukrani zao hazina mtoto wa kuonesha. Licha ya jitihada zote, mtoto alifariki. Bado baadhi yao hurudi kushukuru kwamba waliambiwa ukweli mapema, walimshika mtoto akiwa hai, na walipewa nafasi ya kumwita kwa jina na kumlilia bila kuharakishwa. Wodi inapokutana kujadili vifo vya mwezi, yafaa shukrani hizo nazo zisomwe, ili zamu inayofuata ijue ni yapi yasiyopaswa kuachwa hata pale dawa inaposhindwa.