Osteopati: tumwulize nini anayetaka kushika migongo yetu?



Mwaka uliopita tulipokea mgeni katika kanisa letu. Alikuwa na kadi yenye picha, cheti chenye mihuri miwili, na neno ambalo wengi wetu tulikuwa hatujalisikia: osteopati. Alisema anatibu mgongo na viungo kwa mikono tu, bila dawa wala sindano. Tulimpa nafasi wakati wa matangazo. Jumatatu watu walikwisha kupanga mstari: wamama waliobeba mizigo tangu utoto, vijana walioanguka na pikipiki, wazee wa magoti. Kati yetu viongozi, hakuna aliyemwuliza amesomea wapi na ni nani anayemjibia.

Mama mmoja wa kwaya alikwenda kwake mara nne. Mgongo ulizidi kuuma, usiku alikuwa na homa, nguo zikaanza kumlegea. Alipofikishwa hospitali, miguu ilikuwa imekwisha kupoteza nguvu. Ilikuwa kifua kikuu kilichoingia katika mifupa ya mgongo. Leo anatembea kwa fimbo na anaendelea na dawa zake. Tunamshukuru Mungu, lakini hatuwezi kusahau kwamba sisi ndio tuliomtangaza yule mtu. Kwa sababu hiyo tumetafuta kuelewa kazi hii na jinsi nchi nyingine zinavyoilinda.

Kazi yenyewe

Osteopati ilianzishwa na Andrew Taylor Still, mganga wa Marekani ambaye baba yake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti. Alitangaza mafundisho yake mwaka 1874, na mwaka 1892 akafungua shule ya kwanza Kirksville, katika jimbo la Missouri. Alifundisha kwamba mifupa, misuli, viungo na damu vinafanya kazi pamoja, na kwamba mikono iliyofundishwa inaweza kupima na kusaidia mwili.

Tangu hapo njia ziligawanyika. Marekani, anayehitimu shule hizo ni daktari kamili: anaandika dawa na anaweza kupasua. Tangu 1973 majimbo yote 50 yanampa ruhusa hiyo. Lakini Ulaya, osteopati kwa kawaida si daktari. Ni mtu wa kutibu kwa mikono, hasa maumivu ya mgongo, shingo na viungo. Basi mtu akisema, "Mimi ni osteopati kama wale wa Marekani," kuna sababu ya kumwomba aeleze vizuri.

Sheria ya Uingereza

Tunachukua mfano wa Uingereza kwa sababu ni rahisi kuufuata. Bunge lilipitisha sheria ya osteopati mwaka 1993. Sheria ikaunda baraza, General Osteopathic Council, lenye daftari la majina. Daftari lilifunguliwa 1998, na tangu 2000 mtu asiyeandikwa humo akijiita osteopati anafanya kosa na anaweza kushtakiwa. Jina lenyewe linalindwa.

Ili kuandikwa, mtu lazima awe amehitimu katika shule inayotambuliwa na baraza. Masomo huchukua miaka 4 au 5, na ndani yake kuna saa zisizopungua 1,000 za kutibu wagonjwa chini ya macho ya walimu. Anapimwa afya na mwenendo wake, na anakuwa na bima ya kumlipa mgonjwa akimdhuru. Kisha kila mwaka anaandikwa upya. Kwa kila miaka 3 anatakiwa kujiendeleza kwa saa 90, na nusu yake ajifunze pamoja na wengine, si peke yake nyumbani.

Daftari hilo liko wazi. Mgonjwa yeyote anaweza kutafuta jina kabla ya kulala kitandani. Akitendewa vibaya anajua mahali pa kupeleka mashtaka, na baraza linaweza kumwonya mhusika, kumwekea masharti, kumsimamisha au kumfuta.

Ufaransa, jina la osteopati lilitambuliwa na sheria ya tarehe 4 Machi 2002, na tangu 2014 masomo yamewekwa kuwa saa 4,860 kwa miaka 5. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2010, lilieleza kipimo kwa mtu anayeanza bila elimu ya uganga: saa 4,200, na 1,000 kati yake ni za kutibu akisimamiwa. Basi cheti cha semina ya wiki mbili hakikaribii hapo hata kidogo.

Na kwetu?

Kwetu neno "munganga" linabeba wengi: daktari wa hospitali, muuguzi, hata mzee wa majani. Kisheria hawako sawa. Madaktari wana Baraza lao, Ordre des Médecins, tangu 1968, na wauguzi walipata lao mwaka 2016.

Shemasi mmoja alituuliza: "Je, karama ya Mungu inahitaji karatasi?" Tulimjibu kwamba hata sisi wachungaji tulichunguzwa kabla ya kuwekewa mikono, na kanisa halimpi mimbara mtu aliyejiita mwenyewe. Mwingine alituuliza habari za wazee wetu wanaounga mifupa. Mzee wa kijiji anajulikana ni mtoto wa nani, nani alimfundisha, na nani alipona au kuharibika mikononi mwake. Mgeni hana mashahidi hao. Daftari linafanya kwa nchi nzima kazi ambayo kijiji kinafanya kwa mzee wake.

Basi tunawaomba mumwulize mtu wa namna hii maswali haya:

1. Ulisoma shule gani, miaka mingapi, na nani alikusimamia ulipokuwa ukitibu?
2. Jina lako liko katika daftari gani, na tunaweza kulihakikisha bila kupitia kwako?
3. Daktari wa zoni ya afya anakufahamu?
4. Ni wagonjwa gani unaowakataa na kuwatuma hospitali?

Swali la nne ndilo linalotupima zaidi. Mtu aliyefundishwa vizuri anajua mipaka yake. Anayesema anatibu kila kitu, hata kisukari na utasa, muache.

Na kuna maumivu ya mgongo yasiyongoja mikono ya mtu yeyote. Kimbieni kituo cha afya mkiona homa ya usiku, kukonda bila sababu, miguu kulegea au kufa ganzi, mkojo au choo kutoka bila kujua au kuzuilika, au maumivu baada ya ajali.

Halmashauri yetu imekata shauri: hakuna tangazo la matibabu litakalosomwa kanisani kabla muuguzi wetu na daktari wa zoni hawajalichunguza. Tunaomba parokia nyingine zifanye vilevile. Yule mama wa kwaya alisikia uamuzi huu akiwa ameketi mstari wa mbele, akainua fimbo yake.

Neema ya Bwana iwe pamoja nanyi.