Sura ya Tano: Kabla ya Kupuliza Rangi

Mzazi na kijana wake wakinunua Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960 ili waifufue pamoja, mara nyingi kituo chao cha kwanza ni kwa mpuliza rangi. Puti inapakwa juu ya kutu, gari linang'aa, majirani wanapiga picha. Masika mawili hayapiti kabla sakafu haijaanza kumeguka. Betri ya gari hili hukaa chini ya kiti cha nyuma, na tindikali inayovuja hula bati taratibu pasipo mtu kuona. Binti wa miaka 15 aliyeinua kiti hicho akachokonoa sakafu kwa bisibisi ameshalijua gari kuliko baba yake aliyekuwa akichagua rangi.

Halafu kuna uvumi. Wapo wanaoapa kwamba injini isiyo na rejeta haifai nchi za joto. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda mbio za East African Safari kwa Beetle, kwenye barabara za vumbi na matope zilizomtosha dereva yeyote. Wengine wanadai gari la zamani litakufa bila petroli yenye risasi. Petroli hiyo iliondolewa kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, na vichwa vya silinda vya Beetle, kwa kuwa ni vya aluminiamu, vilitoka kiwandani na viti vya valvu vya chuma kigumu. Sumaku za kubana kwenye mpira wa petroli ati zipunguze matumizi? Ni sumaku tu. Hirizi ya kwenye kioo ina nafuu yake: angalau haimuuzii mtu takwimu.

Mpango wa sura hii ulikuwa kuanza na breki, kisha umeme, kisha injini. Lakini kila mazungumzo kuhusu Beetle huishia kwenye mkanda wa feni, na ni bora umalizwe sasa.

"Baba, taa nyekundu imewaka."

"Achana nayo, mwanangu. Ni chaji tu, tutafika."

Kwa gari jingine huenda baba angekuwa sahihi. Kwenye Beetle, jibu hilo linaua injini. Feni inayopoza silinda zote nne imefungwa kwenye shafti ileile ya jenereta, na vyote viwili vinazungushwa na mkanda mmoja. Mkanda ukikatika, chaji inakoma na upepo unakoma kwa wakati mmoja. Hakuna geji ya joto kwenye dashibodi, wala mvuke wa kumtahadharisha mtu. Taa hiyo ndiyo onyo lenyewe: simama, zima, fungua boneti ya nyuma.

Kuukaza mkanda huo ndiko kunakowashinda hata mafundi wazoefu, kwa sababu wanatafuta mahali pa kuisogeza jenereta. Haisogei. Puli yake ina nusu mbili, na katikati yake kuna washa nyembamba za bati. Washa zikiwa nyingi katikati, nusu hizo zinaachana, mkanda unazama ndani ya mfereji na kulegea. Ukitoa moja, zinakaribiana, mkanda unapanda na kukaza. Mzazi aizuie puli kwa bisibisi iliyotiwa kwenye pengo lake. Kijana afungue nati kwa spana ya 21, atoe washa moja, afunge, kisha abonyeze mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukibonyea takriban milimita 15, inatosha. Ukikazwa kama uzi wa gitaa, utakula beringi za jenereta, na hapo fundi wa mtaani atasema gari lina mkosi.

Washa zilizotolewa katikati zisitupwe. Zinafungwa upande wa nje wa puli, chini ya nati, ili idadi isipungue na siku mkanda mpya utakapohitaji kulegezwa zipatikane palepale. Mkanda mpya hunyooka, kwa hiyo upimwe tena baada ya kilomita mia chache, injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwa kijana, si mwa baba mwenye haraka ya kujaribu mwendo.

Breki zimesukumwa hadi sura ya sita. Kabla ya hapo gari lisitoke uani.