Huyu Mwenye Mtaji, Kautoa Wapi?

Mko wawili, mna kazi zenu Dodoma mjini, na nyumbani ni Busi, kule Kondoa. Mmedunduliza miaka mitatu ili mnunue mashine ya kukamua alizeti, maana kila msimu mnaona magunia yakipakiwa kwenye malori kwenda kukamuliwa kwingine, halafu mafuta yanarudi dukani kwa bei ya kuumiza. Hela bado haijatosha. Hapo ndipo anapotokea mtu. Gari zuri, maneno matamu, anajuana na kila mtu. Anasema: "Mtaji wote nauweka mimi, faida tutagawana nusu kwa nusu. Ila kampuni iandikwe kwa majina yenu."

Riba hataki. Dhamana hataki. Mpenzi msomaji, wengi wetu hapo tungekuwa tumeshapiga magoti kushukuru.

Sasa, si kila anayekushika mkono ni mhalifu. Wapo wajomba na mashangazi wenye roho nzuri, na biashara nyingi tu zimesimama kwa pesa zao. Lakini watu wanaoishi kwa meno ya tembo au kwa unga wana shida moja ambayo mimi na wewe hatuna: pesa zao ni nyingi kuliko maelezo yake. Wakizipeleka benki wataulizwa. Wakijenga ghorofa watu watanong'ona. Kwa hiyo wanatafuta biashara halali, na zaidi ya biashara wanatafuta watu wenye majina safi.

Tusiende mbali, kisa cha Yang Fenglan kinatosha. Mama huyu kutoka China alikuja Tanzania mara ya kwanza katika miaka ya 1970, akiwa mkalimani kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA. Kiswahili alikuwa amekisomea kwao. Mwaka 1998 alifungua biashara Dar es Salaam: chini mgahawa wa Kichina, juu ofisi ya kampuni ya uwekezaji. Akawa mtu wa heshima, mpaka akashika uongozi katika baraza la wafanyabiashara wa China na Afrika hapa nchini. Ukienda kula pale ungeona mama mjasiriamali aliyechacharika, basi.

Mwaka 2015 alikamatwa. Magazeti ya nje yakampa jina la Malkia wa Pembe za Ndovu. Shitaka lilihusu vipande kama 860 vya meno ya tembo, vyenye thamani ya shilingi bilioni 13. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu kifungo cha miaka 15, yeye pamoja na Watanzania wawili, na ikaamuru mali zao zitaifishwe. Wote watatu walikuwa wamekana mashitaka.

Angalia hapo: Watanzania wawili. Mtandao wa namna hii hausimami bila wenyeji. Anatakiwa mtu wa kujua njia, mtu wa gari, mtu wa makaratasi, mtu wa bandarini. Na kila mmoja anajua kipande chake tu.

Mzigo nao unavaa nguo za biashara. Novemba 2013, katika nyumba moja ya Mikocheni, Dar, yalikutwa meno 706. Waliokuwa wakiishi humo walijulikana kama wafanyabiashara wa vitunguu saumu. Mwezi huohuo, bandarini Zanzibar, kontena lililosheheni makombe ya baharini lilifunguliwa na chini yake kukawa na meno ya tembo ya zaidi ya tani mbili. Mwaka 2009 Vietnam walikamata tani zaidi ya sita zilizotoka Tanzania, zimefichwa kwenye mzigo wa plastiki chakavu. Vitunguu, makombe, plastiki! Vitu vya kawaida kabisa, vyenye risiti zake na ajenti wake wa forodha.

Tembo nao waliisha kweli. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu kama 109,000 nchini. Ile ya 2014 ikakuta kama 43,000. Kwa mtu wa Kondoa hii si habari ya mbali. Mapori ya akiba ya Mkungunero na Swagaswaga yako jirani, na Mkungunero inapakana na Tarangire.

Sasa turudi kwenye pesa. Zinasafishwaje? Chukua gesti ya vyumba 20. Usiku wa leo wamelala wageni sita. Kwenye daftari wanaandikwa 20, na vile vyumba 14 hewa vinalipiwa na noti zilizotoka kwenye dili. Kesho yake mhasibu anapeleka benki mauzo ya gesti, kodi inalipwa vizuri bila ugomvi, na pesa iliyokuwa na damu sasa ina risiti. Ndo maana wanapenda biashara za noti mkononi: baa, migahawa, mabasi, maduka ya vifaa vya ujenzi, kununua mazao kwa wakulima. (Na hapa nawaonea huruma watu wa TRA. Nani anamfuatilia mtu anayelipa kodi *zaidi*?)

Anayeumia wa kwanza ni jirani mwenye gesti ya haki. Mwenzake hahitaji faida. Anaweza kushusha bei ya chumba, akawapa wafanyakazi mishahara minono, akakaa hasara miaka mitano huku anacheka. Kwenye mazao ni vilevile: mnunuzi anatoa bei ya juu ya alizeti kuliko soko, wakulima wanampenda, wanunuzi wadogo wanafulia. Halafu siku mkubwa wake akikamatwa, ghala linafungwa na mkulima anabaki na magunia yake.

Sasa fikiria ile mashine ya Busi imefungwa, na baada ya mwaka mwenye mtaji anataka lori. Lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018, safari ni mteremko. Lori linaandikwa jina la mke. Dereva anamleta mwenyewe. Siku moja anaomba magunia machache ya rafiki yake yapande juu ya mashudu yenu. Polisi wakisimamisha lori, kadi ina jina la nani?

Hapa ndipo mambo ya biashara yanapoingia chumbani. Wanawake wengi wamewahi kuambiwa "mama, weka saini hapa, ni mambo ya BRELA tu", wakaweka kwa mapenzi. Wanaume nao wanaweka saini kwa sababu ni kaka aliyeomba, na kaka hakataliwi. Sheria haina habari na mapenzi. Sheria ya kudhibiti utakatishaji wa fedha haramu ipo tangu mwaka 2006, na kwa miaka mingi kosa hilo halikuwa na dhamana. Mtu alikaa rumande akisubiri upelelezi. Tangu mwaka 2020 kampuni inatakiwa pia kumtaja mmiliki wake wa kweli, yule anayenufaika, hata kama amejificha nyuma ya majina ya wengine. Nchi yenyewe iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha chafu, Oktoba 2022, ikatolewa Juni 2025.

Kwa hiyo kabla ya saini, muulizeni tajiri wenu maswali ya kishamba kabisa. Biashara yake ya mwanzo ni ipi, na nani aliwahi kufanya naye kazi? Kwa nini pesa isipite benki? Kwa nini jina lake lisiwepo? Mwenye pesa halali atakereka kidogo, kisha atajibu. Yule mwingine atawaambia hamjui kutafuta maisha.

Na kama anayeomba jina ni ndugu wa damu, mjibuni mkiwa pamoja, asije akamvizia mmoja wenu pembeni: "Kaka, mimi na shemeji yako tumekaa tumeongea. Tutakusaidia kwa tulichonacho, ila majina yetu hapana."