Mtoto Azibaye Masikio

Alikuwako chuoni kwetu mtoto wa miaka sita ambaye, kila wenziwe walipopaza sauti kusoma, aliziba masikio akajificha nyuma ya mlango. Mkeka nao ulimwasha, hakukaa. Tulimhesabu mtukutu, tukamtia bakora. Hayo tuliyatenda sisi wenyewe.

Baadaye mamaye alimpeleka kwa mtaalamu atibuye kwa michezo na kazi za mikono, nasi tukaitwa. Kwanza alitaka masikio na macho yapimwe. Kisha akatuuliza: Huziba masikio kwa sauti ipi? Nguo gani huikataa? Akipanda bembea hufurahi, au huogopa miguu ikiacha ardhi? Akampa mtoto vitu avitambue kwa kupapasa pasipo kutazama, akamsimamisha kwa mguu mmoja.

Elimu hii iliasisiwa na Bibi A. Jean Ayres wa Marekani (1920–1988). Alihimiza kwamba, zaidi ya hisia tano tuzijuazo, iko ya mizani ya mwili, ikaayo ndani ya sikio, na ya misuli na viungo; ubongo hauna budi kuzipatanisha zote. Vipimo vyake 17 vilitolewa mwaka 1989. Hata hivyo, mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwaonya madaktari wasiipe hali hii jina la ugonjwa wa peke yake. Basi mpimaji mwema hutafuta na sababu nyingine.

Na chumba chake ni kimya. Chuo si kimya. Kwa hiyo alitutaka tuandike tuyaonayo kila siku, saa na mahali. Tuliandika. Sasa mtoto yule husoma mapema, kabla wenziwe hawajafika, juu ya kigoda.