Je, Wajua? Bustani iliyokodiwa kwa sarafu za maegesho

Mwaka 2005, kikundi cha wabunifu kiitwacho Rebar kilitumbukiza sarafu kwenye mita ya maegesho mjini San Francisco, Marekani. Gari hawakuwa nalo. Walitandaza nyasi hai, wakaweka benchi na mti. Nafasi ya gari moja ikawa bustani kwa saa mbili hivi. Muda ulipokwisha walikunja nyasi, wakapakia benchi, wakafagia.

Mwaka 2010 jiji lenyewe likaanza kutoa vibali vya vibustani vya namna hiyo. Mgahawa uliweza kugharimia sakafu, viti na maua mbele ya mlango wake. Sharti lake, ambalo mimi nalipenda, lilikuwa kali: viti ni vya kila mtu, na kibao kiseme hivyo. Huna hata senti ya kahawa? Keti tu. Mhudumu hakuruhusiwa kuleta chakula mezani.

New York ina mtindo mwingine. Sheria yake ya mwaka 2023 iliruhusu meza za mikahawa kwenye maegesho ya barabarani kuanzia Aprili hadi Novemba tu. Baridi ikikaribia, zing'olewe. Zilizo kwenye njia ya waenda kwa miguu hubaki mwaka mzima.