Kishikwambi Chenye Kalamu kwa Mtumiaji wa Pemba

Tangu Sensa ya 2022, ambayo makarani wake walikusanya taarifa kwa vishikwambi, yaani kompyuta bapa zinazoguswa kwenye kioo, chombo hiki si kigeni tena Wete, Chake Chake na Mkoani. Lakini kile kinachounganishwa na kibodi kikawa kompyuta kamili, na kinachoandikiwa kwa kalamu, kinahitaji uchaguzi wa makini zaidi.

La kwanza kuchunguzwa ni kalamu. Ile ya ncha ya mpira huiga kidole tu, ilhali kalamu nyingi za kielektroniki hutambua mkandamizo wa mkono, hivyo mstari hunenepa na kukonda. Kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, au mtu anayeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyofanya washairi wa pwani kwa karne nyingi, tofauti hiyo ni kubwa mno, kwa kuwa uzuri wa hati hiyo umo katika unene wa mstari. Baadhi ya kalamu hizo, kama nyingi za teknolojia ya Wacom ya Japani, hazina betri, kwani huchota nguvu kutoka kwenye kioo chenyewe, na hizo ndizo bora.

La pili ni betri. Umeme wa Pemba umekuwa ukitoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 2010, na kwa kuwa umeme huo hukatika, betri ya chombo chenyewe yapaswa kudumu siku nzima ya kazi.

Kibodi na kalamu mara nyingi huuzwa mbali na chombo. Mnunuzi aulize bei ya vyote vitatu, kisha aandike kwa kalamu hiyo hiyo dukani kabla ya kulipa.